Uzi Kwanza, Sauti Baadaye

Makayabu yaliloweshwa tangu asubuhi, na Émérance alijua maana yake. Tantine Rolande hakuwa mtu wa kulowesha samaki wa chumvi kwa ajili ya watu wa nyumbani. Samaki hao walikuwa wa kesho, wa baba na mama wa Guylain, ambao wangetoka Berchem-Sainte-Agathe baada ya misa na kuja hapa Evere kuchukua jibu la posa yao.

Guylain mwenyewe hakuwa mtu mbaya, hebu tuseme ukweli. Alikuwa na kazi nzuri ya umeme, alikuwa na nyumba yenye kibustani, na kila akija kusalimia alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Ila Émérance akimtazama, moyo wake ulikaa kitako, kimya, kama mtu anayeona basi likipita na wala si basi lake.

Aliyeuinua moyo ule alikuwa mwingine. Na huyo mwingine, tangu alipotuma ujumbe wake, alikuwa kama aliyeingia ardhini.

"Émérance."

"Oui, tantine."

"Uko unaosha hiyo sahani ama uko unaibembeleza ilale?"

Émérance akacheka, akaiweka sahani pembeni. Tantine Rolande alikuwa dada mkubwa wa marehemu baba yake. Ndiye aliyempokea alipofika Ubelgiji akiwa msichana mdogo mwenye koti la kuazima, ndiye aliyemtia shule, ndiye aliyemfundisha kusonga bugali bila madonge. Mkono wake ulikuwa mzito na moyo wake mwepesi, na mdomo wake haukuwa na mlango.

"Ule Tanzanien alituma ingine?" tantine akauliza, macho yakiwa kwenye sufuria ya sombe, kisamvu cha kwao.

"Apana, tantine."

"Bon. Basi ilikatikaka kabisa. Mimi nilikuambia, ni réseau. Muntu anaanza kusema, anakatika katikati, na hata hajue kama alikatika. Sasa ni makosa ya nani? Si yangu."

Émérance hakujibu. Tangu siku ujumbe ule ulipoingia alikuwa hajibu, maana ndivyo alivyolelewa.

Mambo yalianza hivi. Émérance alikuwa mlezi wa watoto kwenye kreshi moja huko Auderghem, ambako watoto wa Kijapani ni wengi. Jioni moja ya mvua alimrudisha nyumbani mtoto mmoja ambaye mama yake alikuwa amechelewa kazini. Alipofika mlangoni akasikia nyuzi. Akasimama pale pale, koti linamtiririka maji, maana sauti ile aliijua. Haikuwa yenyewe, lakini ilikuwa ndugu yake. Kwao kijijini, huko Walungu, babu yake alikuwa na lulanga, kile kibao kilichochimbwa kama sinia na kuvutwa uzi juu yake, akikipiga jioni huku akisema maneno yake kwa sauti ya chini, kama anayemnong'oneza mtu aliyelala.

Aliyefungua mlango alikuwa bibi wa yule mtoto, Madame Ishida, mwanamke mfupi mwenye mgongo ulionyooka. Nyuma yake sakafuni kililala chombo cha mbao kirefu kuliko mtu, chenye nyuzi kumi na tatu na vidaraja vyeupe chini ya kila uzi. Koto. Madame Ishida akamtazama mgeni aliyelowa, akatazama macho yake yalikokuwa, akasema kwa Kifaransa chake cha polepole, "Ingia. Mtoto atakula, wewe utasikiliza."

Huu ulikuwa mwaka wa tatu Émérance anajifunza. Koto ya kuazimwa ililala kwenye korido ya fleti yao, imefunikwa kwa kitambaa cha zambarau, na tantine kila akipita na mashine ya kufagia alisema, "Songesha hii jeneza yako."

Na Adolf? Adolf alikuwa fundi wa ala za muziki, mtoto wa Bukoba. Alikuja kwa Madame Ishida kubadilisha nyuzi zilizochoka, akapiga magoti juu ya ile koto na ufunguo wake mkononi, na kila alipovuta uzi aliimba sauti yake ili ausikilize. Madame Ishida akaweka kikombe cha chai chini. Mwezi uliofuata alikuwa ameshamwomba aimbe kwenye tamasha dogo la wanafunzi wake, aimbe mashairi ya zamani ya Kijapani, ila kwa Kiswahili, Émérance akipiga koto.

Kazi ya kuyatia mashairi hayo kwenye Kiswahili waliifanya wawili, mezani kwa Madame Ishida, vichwa vimekaribiana. Mistari mitano, na kila mstari na mizani yake: tano, saba, tano, saba, saba.

"Kumbe nao wanahesabu mizani," alisema Adolf siku ya kwanza, macho yanamng'aa. "Mwalimu wangu wa Kiswahili angefurahi huyo. Alikuwa anatuchapa kwa mizani moja."

"Mimi sikusoma mizani," Émérance akasema. "Mimi nilisoma kwa Kifaransa."

"Basi hesabu kwa vidole. Mimi nitakushika ukikosea."

Na kweli alimshika. Kidole cha tatu, mara moja, halafu akakiachia haraka kama sufuria ya moto. Wote wawili wakatazama karatasi.

Kuimba ndiko kulikomshinda Adolf mwanzoni. Babu yake mzaa baba alipiga enanga, ala ya nyuzi ya Kihaya, na mpiga enanga hutembea na uzi wake bega kwa bega: uzi ukisema, kinywa nacho kinasema. Madame Ishida alimsimamisha kwa kugonga meza kwa ukucha.

"Uzi kwanza," alisema. "Sauti baadaye kidogo."

"Babu yangu akisikia atasema nimechelewa, Madame."

"Hujachelewa. Unauacha uzi upite mlangoni. Ukiingia nao pamoja mtabanana. Shairi letu ni dogo, linataka nafasi ya kukaa. Ile nafasi uliyoiacha wazi, nayo ni wimbo."

Adolf alijaribu, akakosea, akajaribu. Wahaya wanasemwa kwa maneno mengi, na yeye mwenyewe alijitania hivyo, kwamba kwao mtu akiulizwa saa ngapi anaanza na historia ya saa. Lakini siku alipoupata ule mwachano, siku uzi wa Émérance ulipotangulia na sauti yake ikaja nyuma, taratibu, kama mtu anayemfuata mpenzi wake sokoni bila kutaka watu wajue, Émérance alihisi joto likimpanda shingoni. Hakumtazama. Hakuwa na haja. Alikuwa anamsikia mgongoni.

Usiku huo huo ukaja ujumbe wa sauti. Adolf alikuwa anaimba bila chombo, maneno machache tu:

Majani chini,
upepo umepita,
njia i wazi.

Basi. Ukaishia hapo.

Émérance aliusikiliza mpaka simu ikapata moto. Alielewa mara ya kwanza kwamba ile ilikuwa nusu ya juu ya shairi na nusu ya chini haipo. Akafurahi. Kwao mambo ya namna hii yana utaratibu wake: nusu ya neno mwanaume humwambia msichana, nusu ya pili huja nayo mlangoni, mbele ya shangazi. Na msichana aliyelelewa vizuri hajibu. Hukusanya maneno yale, huyapeleka kwa shangazi yake, na hunyamaza. Kwa hiyo aliweka simu mezani mbele ya tantine Rolande, akabonyeza, akaenda jikoni kungoja mlango ugongwe.

Mlango haukugongwa. Mazoezi mawili yaliyofuata Adolf hakuja, akasema ana kazi nyingi. Na tantine, baada ya kusikiliza majani na upepo mara tatu, alitoa hukumu yake kwamba mtu amekatika.

Sasa leo, Jumamosi, kulikuwa na mazoezi ya mwisho huko Auderghem, na koto haipandi basi. Adolf alikuwa ameahidi zamani kwamba ataibeba kwa kigari cha karakana. Émérance hakujua kama atakuja. Alikuwa amevaa gauni la bluu hata hivyo.

Kengele ikalia.

"Mimi nafungua," alisema tantine, na mikono yake ya unga wa bugali.

Adolf alisimama mlangoni, mrefu, kofia mkononi, mabega yana matone ya mvua. "Shikamoo, mama."

Tantine hakuwahi kuzoea salamu hiyo. "Ndiyo, papa," akasema. "Ingia, usisimame pale unatuletea baridi."

Akaingia. Alimsalimia Émérance akitazama kitambaa cha meza. Uso wake ulikuwa umepungua, na kidevuni alikuwa na alama ya kunyoa kwa haraka.

"Nimekuja kubeba koto," alisema. "Sitakaa. Na nilitaka kukwambia, Émérance, nimemwomba Madame Ishida atafute mwimbaji mwingine. Kuna kijana wa kwaya ya Kijapani, ana sauti nzuri. Mimi nitawafikisha tu, halafu narudi karakana."

Mwimbaji mwingine. Émérance angesema nini? Kwa kinywa gani?

Kinywa kilikuwepo, tena kilikuwa na mikono ya unga.

"Papa Adolf," alisema tantine, akivuta kiti. "Kaa kwanza. Mimi niko na neno. Ile message yako ilikatika."

Adolf akageuka. "Message ipi, mama?"

"Ile ya majani. Majani, upepo, njia. Mimi nilisema, huyu muntu iko mu météo, anatangaza hali ya hewa, ama namna gani? Nikangoja ingine. Haikukuya."

Adolf akamtazama Émérance kwa mara ya kwanza, na macho yake yalikuwa na maumivu ya mtu aliyevuliwa shati sokoni. "Ulimpa asikilize?"

"Sasa angepatia nani?" tantine akajibu badala yake. "Fundi wa simu? Kaa chini."

Akakaa. Kofia akaiweka gotini.

"Haikukatika, mama," alisema polepole. "Ni shairi, la namna ya Kijapani. Hiyo ni sehemu ya juu. Sehemu ya chini ni mistari miwili. Zamani kwao, mtu akimpenda mtu anamtumia shairi, na mwenzake anajibu kwa shairi. Nikamtumia ya juu, nikamwachia ya chini aimalizie yeye."

"Na asipomaliza?"

"Asipomaliza ndio jibu lenyewe. Madame Ishida alinieleza siku nabadilisha nyuzi. Shairi lisiporudi, mwanaume anaelewa. Hasumbui watu. Ananyamaza kama alivyonyamaziwa." Akatabasamu, tabasamu dogo la upande mmoja. "Mimi ni Mhaya, mama. Kwetu mtu akitaka mke anasema mpaka ng'ombe wanachoka. Siku moja tu katika maisha yangu nilisema kidogo, na nimeharibu."

Tantine Rolande alimtazama. Halafu kitu kikaanza kumtikisa kuanzia kifuani, kikapanda mabegani, na kicheko kikatoka chote, mpaka akajifuta machozi kwa kiwiko kwa sababu ya unga.

"Donc wewe ulikuwa unamungoja yeye," alisema. "Na yeye alikuwa anakungoja wewe, ukuye na ingine hapa ku mulango. Aah, batoto ya siku hizi. Papa, sikia. Kwetu mutoto mwanamuke hajibu. Atajibu namna gani? Kinywa yake ni mimi. Akikataa, ile njo anasema: anakuya kwangu, anasema apana, mara moja, inaisha. Lakini akikubali, haseme kitu. Akinyamaza tu..."

Hapo tantine mwenyewe akanyamaza.

Kijiko kilikuwa mkononi mwake, na kilibaki hewani. Sufuria ya sombe ikachemka peke yake. Émérance aliona shangazi yake akihesabu kitu kichwani, akaona anafika mwisho wa hesabu, na akajua amefika wapi, maana yeye mwenyewe alikuwa amelala macho wazi juu ya hesabu ile ile.

"Émérance," tantine akasema kwa sauti mpya. "Kwa Guylain, je? Nilikuuliza mu kiangazi. Ulinyamaza."

"Ndiyo, tantine."

"Mimi nikaambia mama yake wakuye kesho. Nikaloweka makayabu." Akageuka na kiti chake chote. "Na kwa huyu pia ulinyamaza. Donc kimya yako iko na bwana mbili."

Kofia ilikuwa imekunjwa mikononi mwa Adolf kama kitambaa cha kukaushia vyombo.

Émérance alisimama katikati ya sebule ile ndogo, picha ya baba yake inamtazama kutoka ukutani, na akaelewa kwamba kimya alichofundishwa kama heshima kimefika mwisho wa kamba yake. Kwa Guylain alinyamaza kwa kuogopa kumuudhi tantine. Kwa Adolf alinyamaza kwa furaha. Na nani angejua tofauti, ikiwa nje vyote viwili vinafanana? Kesho baada ya misa watu wangekula samaki wale, wangepiga makofi, na yeye angekuwa ameolewa kwa kutokusema kitu.

"Guylain, apana," alisema.

Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka.

"Rudia," alisema tantine, bila ukali. "Nisikie vizuri, kwa sababu mimi njo nitasema na mama yake."

"Guylain, apana, tantine. Ni mutu muzuri. Lakini apana."

"Bon. Na huyu?"

Hilo sasa lilikuwa gumu zaidi. Neno apana ni jiwe, unalitupa tu. Lile lingine lilikuwa kama yai. Émérance alitazama mikono yake. Akaenda korido, akapiga magoti, akaondoa kitambaa cha zambarau. Adolf alinyanyuka kumsaidia, tantine akamrudisha kitini kwa kijiko. "Muache."

Akavaa zile kucha tatu za kupigia, kwenye kidole gumba na viwili vinavyofuata, akalamba kidogo pete zake zishike. Akasogeza kidaraja kimoja, akajaribu uzi, akasogeza tena. Mlango wa sebule ulikuwa wazi na wote wawili walimwona akiwa amepiga magoti, mgongo umenyooka kama alivyofundishwa, gauni la bluu limetanda sakafuni.

Akapiga. Nyuzi tatu, zikishuka. Akaacha nafasi.

Adolf hakuambiwa. Alijua pale pale kwamba nafasi ile imeachwa kwa ajili yake, na sauti yake ikaja nyuma ya uzi, ya chini, imekwaruzika kidogo:

"Majani chini... upepo umepita... njia i wazi."

Uzi ukajibu, mmoja tu, wa chini kabisa. Émérance akabonyeza upande wa pili wa kidaraja kwa mkono wa kushoto, mlio ukapinda kama tawi linalokaliwa na ndege. Safari hii nafasi ilikuwa ndefu. Tantine Rolande alifungua mdomo aseme kitu na, muujiza, akaufunga.

Halafu Émérance akaimba. Hakuwahi kuimba mbele ya watu. Sauti yake ilikuwa ndogo na ya nyumbani, sauti ya kulaza watoto wa kreshi:

"Anayekuja kimya hajapotea njia."

Akapiga uzi wa mwisho, akaweka kiganja juu yake unyamaze.

Adolf alikuwa anahesabu kwa vidole juu ya goti lake, saba, saba, na kila kidole alichokunja kiliufungua uso wake zaidi, mpaka akawa anatabasamu kama mtu aliyepokewa mzigo wa siku tatu.

"Umetunga lini?" aliuliza.

"Ile siku," Émérance akasema. "Ile siku yenyewe. Nilikuwa naimba mu basi."

"Wiki zote hizi unalo?"

"Nilikuwa nangoja ukuye."

Tantine Rolande akakohoa, kikohozi cha mwenye nyumba.

"Ni vizuri," alisema. "Inafanana na za baba yangu. Na ndiyo maana sasa mimi niko na woga. Papa Adolf, nijibu kama uko mu kanisa. Babu yako alikuwa anapiga hiyo kitu ya kwenu, enanga. Baba yangu alikuwa anapiga lulanga. Muzuri sana. Watu banatoka mbali, banakuya kumusikiliza, banakunywa, bananena, ee, huyu muzee. Na shamba? Shamba ya babu yako nani alikuwa analima?"

Adolf angeweza kusema uongo mzuri. Kwao hawakosi. Alitazama kule jikoni sombe inavyochemka, akatazama mikono ya yule mama.

"Bibi," alisema.

"Peke yake?"

"Peke yake. Na watoto mgongoni."

"Njo ile ninaogopa," alisema tantine.

"Ndiyo maana baba yangu alipokua hakutaka kuigusa enanga. Mimi alinipa randa na msumeno. Alisema ukipenda nyuzi, tengeneza, usikae juu yake siku nzima. Mimi naamka saa kumi na mbili, mama, natengeneza vya watu. Kuimba ni jioni, nikimaliza. Na hata kule ninakokaa, anayeosha vyombo ni mimi."

"Unakaa na nani?"

"Peke yangu."

"Basi ni nani mwingine angeviosha?" tantine akasema, lakini pembe ya mdomo wake ilikuwa imeshaanza kuasi. "Bon. Kuimba mumeimba. Lakini mimi siwezi kuongea na nyuzi. Niko nataka muntu, mwanamuke muzima, mwenye kukujua tangu unavaa nepi. Kwenu hakuna?"

"Yupo shangazi Severina, Bukoba. Ndiye aliyenilea mama alipofariki."

"Na yeye alikulea?" Tantine akamtazama Émérance, akamtazama tena Adolf, kwa muda. "Mupigie."

"Sasa hivi?"

"Alors? Mupaka majani ianguke tena?"

Akapiga. Upande wa pili kukasikika kuku, halafu sauti nene ya mama iliyouliza kama kuna mtu amekufa, maana Adolf alizoea kupiga Jumapili. Alimweleza kwa Kihaya kwa pumzi moja, jina la Émérance likipita katikati mara mbili. Tantine akanyoosha mkono, akaichukua simu, unga na vyote.

"Allô, maman Severina? Mimi ni Rolande. Njo shangazi ya binti."

"Ooh, mama, habari za huko," sauti ikasema. "Sasa huyo kijana wangu amekuja na nani kuposa?"

"Na mutu mumoja tu. Yeye mwenyewe."

"Yesu wangu. Na mkononi ameshika nini?"

"Kofia."

Halafu wanawake wawili, mmoja Evere na mwingine Bukoba, wakaanza kucheka pamoja. Tantine akaingia nayo simu chumbani, akafunga mlango. Kupitia mlango walimsikia akisema, "Hata kwenu? Bibi peke yake? Ee, maman, wanaume ya nyuzi wote ni bamoja."

Émérance na Adolf wakabaki na koto katikati yao. Hakuna aliyejua aanzie wapi, basi wakaanza na kazi. Walivua vidaraja kimoja kimoja, wakaviweka kwenye kisanduku chake. Wakaifunika koto. Lifti ya jengo lile haikuweza kuimeza, kwa hiyo walishika ngazi, Adolf mbele akishuka kinyumenyume, Émérance nyuma akimwelekeza.

"Kushoto. Kuna ngazi. Ingine."

"Émérance."

"Angalia ukuta."

"Nimeuona. Émérance, mimi nimelisikia shairi, na nimelielewa. Ila nina kichwa kigumu. Nataka kulisikia na kwa maneno ya kawaida, mara moja tu, halafu sitauliza tena."

Walikuwa kwenye kona ya ghorofa ya pili, dirisha lina ukungu wa mvua, na mlango wa jirani unanukia kahawa. Koto ilikuwa nzito. Émérance angeweza kutazama chini. Shangazi yake alikuwa juu, ana simu, na kinywa cha kumsemea kilikuwepo. Lakini alimtazama Adolf usoni, bila haraka, akamtazama mpaka aliona alama ile ya kunyoa na kope zilizolowa.

"Nakubali," alisema. "Mimi mwenyewe nakubali. Na nakupenda tangu ulipokosea kuimba."

Adolf akataka kumjia, akakumbuka ana mzigo mikononi, akaegemea ukuta na kucheka kwa sauti mpaka jirani akafungua mlango kidogo na kuufunga.

Walipokuwa wameshaiingiza koto kwenye kigari na kuifunga kwa kamba, dirisha la juu likafunguka. Tantine Rolande alitoa kichwa, simu bado iko sikioni, na mtaa mzima ukamsikia.

"Papa Adolf. Shangazi yako iko anauliza kama umekula."

"Nimekula, mama," Adolf akajibu kwa adabu.

Tantine akasikiliza simu, akatikisa kichwa, akainama tena dirishani.

"Anasema ukijibu haraka hivyo unadanganya. Anasema tangu utoto. Pandeni huku juu. Niko na makayabu ya watu ambao hawatakuya tena, na Madame Ishida nimeshamupigia: amesema mazoezi itangoja, hata yeye anakuya kula."

Adolf akamtazama Émérance. Émérance akachukua kofia yake iliyokunjamana, akainyoosha kwa viganja, akamvika.

Wakapanda ngazi.